Ndizi bado mbichi, soko limeshaitwa

Wandugu, nianze na aibu yangu mwenyewe, juu mtu anayetaka kuhukumu wengine lazima kwanza apindue mfuko wake mbele ya watu.

Miaka michache iliyopita, lisansi yangu ya agronomia bado inanuka wino, niliitwa kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Butembo. Kompani moja changa (jina lake nitaliacha) ilikuwa inaonyesha chombo kidogo sawa kalamu nene. Unakichoma ndani ya udongo, kinaongea na simu, na simu inakuambia: hapa asidi iko kiasi hiki, fosforasi ni kidogo, weka chokaa kilo kadhaa kwa kila ari. Video ilikuwa nzuri sana. Mkono msafi, udongo mweusi, muziki wa polepole nyuma. Walisema kitafika mwezi wa pili, mbele ya kupanda kwa msimu B. Nilipiga makofi kuliko wote. Kisha wakanipa kazi ya kupanda milima mpaka upande wa Masereka kuelezea wakulima, na mimi nikapanda.

Koperative niliyoikuta kule ilikuwa na watu 41. Kila mmoja alikuwa ameweka dola 10 pembeni kwa ajili ya chokaa na kwa kutuma udongo kwenye labo. Nikawaambia kwa Kiswahili changu kizuri cha iniversite kwamba labo ni ya zamani, chombo kinakuja. Wakatoa dola 410 kama avansi.

Mwezi wa pili ukafika: ujumbe ukasema "tumechelewa kidogo". Mwezi wa tatu: "tunawaletea toleo jipya, bora zaidi". Kisha simu ikawa inalia tu bila mtu kupokea. Wale waliosoma nami wanajua hesabu ya hapa: chokaa haiwekwi siku ya kupanda, inataka wiki kadhaa ndani ya udongo mbele ya mbegu. Ukiingoja mpaka mvua ishuke, umeshachelewa. Na maharagwe hayapendi udongo wenye asidi kali. Fosforasi hata ikiwemo inakamatwa na alumini na chuma, mimea haiipati. Wakapanda hivyo hivyo. Majani yalikuwa ya manjano, maganda machache. Pesa ilirudi nusu yake baada ya miezi tisa. Msimu haukurudi.

Nilipopanda tena kuomba msamaha, mama mmoja, mutunza sanduku wa koperative, aliniuliza jambo moja tu:

– Mwanangu, ile kitu, weye mwenyewe uliikamata mu mukono?

– Hapana, mama. Niliiona mu video.

– Bon.

Akaendelea kuchagua maharagwe yake. Hakunitukana, na njo maana ile "bon" inaniuma mpaka leo.

Tangu siku hiyo najiuliza swali ambalo vijana wengi wa teknolojia hapa kwetu wanalikimbia: kompani iko na haki ya kutangaza kitu ambacho bado hakijawa tayari? Jibu la haraka ni hapana. Mimi jibu langu si hilo, na nitaeleza, lakini tupite kwanza Kampala, kwa sababu Kampala ndiko sisi watu wa Butembo tunakoenda kununua kila kitu, hata ndoto.

Mwezi wa pili 2016, kwenye uwanja wa Namboole, Waganda walionyesha basi lao la Kayoola. Nilikuwa bado sekondari. Wafanyabiashara waliovuka Kasindi walirudi na picha kwenye simu: basi la watu 35, lenye paneli za jua juu ya paa, limetengenezwa na kompani ya Kiira Motors, iliyozaliwa kutoka kazi ya wanafunzi na maprofesa wa Makerere. Hao hao walikuwa wameshaendesha gari dogo la umeme, Kiira EV, mwezi wa 11 mwaka 2011. Kwa sisi ilikuwa kama ndugu wa jirani ameoa vizuri, unafurahi hata kama hujaalikwa.

Sasa tusome tangazo lenyewe kwa macho ya mtu aliyechomwa. Basi lilikuwa na akiba mbili za betri, moja inachajiwa na paneli, nyingine inachajiwa kwa umeme wa kawaida kwa safari ndefu na za usiku. Lilikuwa linaenda kilomita 80. Munajua kilomita 80 ni nini? Ni Beni mpaka Kasindi. Unafika kwenye bariyeri ya duane, betri imeisha, na Uganda bado hujaigusa. Hapo sichekeshi watu bure, kwa mji wenye vituo vya kuchaji kilomita 80 si kidogo. Lakini walisema pia kwamba likitengenezwa kwa wingi bei inaweza kuwa mpaka dola 58,000, na kwamba kufikia 2018 watu zaidi ya 7,000 wangeweza kupata kazi kwa njia moja ama nyingine kupitia basi hilo. Kile kilichosimama uwanjani kilikuwa basi moja. Moja tu, prototipi.

Mwaka 2018 ulipita. Kiwanda cha Jinja kilianza kujengwa 2019, wajenzi wakiwa watu wa jeshi la Uganda. Na mabasi ya Kayoola EVS yaliyokuja kubeba watu kweli ni ya aina nyingine: hayana paneli juu, yanachajiwa kwa umeme wa waya, yanaenda karibu kilomita 300, na yalitengenezwa kwa kushirikiana na kompani ya Wachina. Kwa maneno mengine, kitu kilichotangazwa hakikuja. Kilikuja kingine, na kusema kweli kilikuwa bora.

Hapa marafiki zangu wanakamata neno. Wanasema: unaona? Kama wasingetangaza 2016, serikali isingetoa pesa, Jinja isingejengwa, na hilo basi bora lisingezaliwa. Kwa Waafrika, wanasema, tangazo ni sehemu ya kutengeneza. Mmarekani anaenda benki, sisi tunaenda uwanjani. Hoja hiyo si ya kutupa. Hapa Butembo kijana mwenye mashine nzuri ya kukamua mafuta ya michikichi atamaliza viatu akitafuta mtu wa kumkopesha, na hakuna atakayemsikiliza kabla picha yake haijazunguka kwenye simu za watu.

Lakini nauliza: nani alilipa wakati wa kungoja? Kwa Kayoola alilipa mlipa kodi wa Uganda, ambaye ana bunge lake la kuuliza, na walilipa vijana waliohesabu kwamba 2018 kuna kazi 7,000. Mwenye tangazo hakulipa sana. Nawaheshimu mainjinia wa Makerere, na hata leo nikipita Kampala nikiona moja ya mabasi yale nitapanda. Ninachokosoa ni ile namba 7,000. Basi lilikuwepo, watu waliligusa, lilitembea. Namba haikuwepo popote. Nani angeigusa?

Na wazee wetu wanajua hii hadithi kuliko sisi. Wakati wa Mobutu, kompani ya Wajerumani iliyoitwa OTRAG ilipewa eneo la karibu kilomita za mraba 100,000 kule Shaba ili itengeneze roketi za bei ndogo za kupeleka satelaiti juu. Roketi mbili za majaribio ziliruka vizuri, moja 1977 na nyingine mwezi wa tano 1978. Ya tatu, tarehe 5 mwezi wa sita 1978, iliruka Mobutu mwenyewe akiangalia, ikapinduka ikaanguka bondeni. Mwaka uliofuata kompani ilifukuzwa. Shida ya ile roketi haikuwa kuanguka, roketi za majaribio zinaanguka. Shida ni kwamba jaribio lilikuwa limeshageuzwa sherehe, na kwenye sherehe hakuna nafasi ya kusema "hii ni ya tatu tu, tunajifunza".

Turudi kwenye shamba, juu hapo njo nyumbani kwangu.

Mwezi wa kwanza 2000, Ingo Potrykus na Peter Beyer walichapisha kazi yao kuhusu mchele wenye beta-karotini, ile rangi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mchele ukawa wa manjano, wakauita mchele wa dhahabu. Mwezi wa saba mwaka huo huo gazeti la Time liliweka uso wa Potrykus kwenye jalada na kusema kwamba mchele huo ungeweza kuokoa watoto milioni moja kwa mwaka. Makampuni ya mbegu yalipenda sana jalada lile, maana wakati huo watu wengi walikuwa wanazichukia mbegu za kubadilishwa vinasaba, na ghafla kulikuwa na mtoto wa kuonyesha.

Mchele wenyewe wa 2000 ulikuwa na nini? Gramu moja ilikuwa na karibu mikrogramu 1.6 za karotini. Ni kidogo sana, ungekula sahani baada ya sahani. Kazi ya kisayansi ilikuwa kubwa kweli, hakuna anayebisha, waliingiza njia nzima ya kutengeneza karotini ndani ya punje ambayo haikuwa nayo. Lakini bado haikuwa chakula cha kuokoa mtoto. Toleo la pili, lililotoka 2005, lilifika mpaka mikrogramu 37, na hapo ndipo mtu anaweza kuanza kuongea juu ya sahani ya mtoto. Ufilipino iliruhusu mchele huo kulimwa 2021. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya huko ikausimamisha. Wanaoupenda wanalaumu wanaharakati na sheria ndefu, na kwa sehemu wako na haki. Ila mimi naona jalada lile lilifanya kazi mbaya mara mbili: liliwapa wapenzi wake ahadi ambayo punje haikuwa nayo, na liliwapa maadui zake kitu chepesi cha kucheka. Kama mwaka 2000 wangesema tu "tumefungua mlango, nyumba bado", nani angewacheka?

Na wakati jalada linazunguka dunia, kulikuwa na watu wengine wanatembea na vigogo vya viazi vitamu. Viazi vya rangi ya karoti, vitamini A ile ile, bila hotuba. Mmoja wao ni Robert Mwanga, Mganda, mfugaji wa mbegu za viazi. Yeye, Maria Andrade na Jan Low walishirikishwa Tuzo ya Chakula ya Dunia 2016 pamoja na Howarth Bouis. Mkulima alipewa kamba ya kiazi mkononi, akaichomeka nyuma ya nyumba, baada ya miezi michache akaonja. Kama hapendi (na wazee wengi hawakupenda, walisema iko laini sana, haina unga) alirudi kwenye chake cheupe, na watafiti wakarudi kutafuta aina yenye unga zaidi. Hapo hakuna aliyepoteza msimu kwa kungoja. Mama wa Masereka angeelewa mara moja, ile kitu inakamatwa mu mukono.

Sasa wengine watasema: basi unataka kitu kikae kabatini mpaka kikamilike? Hapana. Na mfano ninao, wala sihitaji kuvuka mpaka kuutafuta.

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ilitangazwa kwetu, kuanzia Mangina. Wiki haikupita tukasikia kuna chanjo. Chanjo hiyo, rVSV-ZEBOV, haikuwa na kibali cha kuuzwa popote duniani. Ilikuwa bado inaitwa ya majaribio, ilikuwa imejaribiwa Gine 2015 na matokeo yalikuwa mazuri, basi. Kibali cha Ulaya kilikuja mwezi wa 11 mwaka 2019, cha Marekani mwezi uliofuata, wakati sisi tulikuwa tumeshachanjwa kwa maelfu. Mwisho wa ugonjwa, mwezi wa sita 2020, waliochanjwa walikuwa zaidi ya 300,000. Waliougua walikuwa 3,470, waliokufa 2,287. Kati yao kuna watu ambao sisi tunaosoma ukurasa huu tuliwazika kwa kuangalia tu kutoka mbali.

Mimi nilichanjwa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mtu akanisomea karatasi: chanjo hii bado haina kibali, hiki tunakijua, hiki hatujakijua, utakaa hapa dakika 30 tukuangalie, unakubali ama hukubali, weka sahihi. Mwanzoni waliwaambia hata wajawazito kwamba wao hapana, data hazitoshi. Mwaka 2019 wakabadilisha, na wakasema wamebadilisha. Hicho kilikuwa kitu ambacho hakijawa tayari kikamilifu, kimetangazwa na kutumiwa, na bado sioni wa kumlaumu kwa hilo.

Lakini nisidanganye kwamba ukweli ulitosha. Watu wetu walisema tunageuzwa kobayi, panya wa labo. Uchaguzi wa mwisho wa 2018 tuliondolewa kwa sababu ya Ebola, na siasa ikaingia ndani ya sindano. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Na chanjo ya pili, ya Johnson & Johnson, ilipopendekezwa, waziri wa afya Oly Ilunga aliikataa, moja ya hoja zake ikiwa kwamba chanjo mbili zitachanganya watu. Akajiuzulu mwezi wa saba, na chanjo ikaanza Goma mwezi wa 11. Kusema wazi kwamba kitu hakijakamilika kunaweza kukuletea mawe. Najua. Njo maana kompani nyingi zinachagua video na muziki wa polepole.

Tofauti ninayoiona ni hii. Kwenye kile kiti cha plastiki, ile kasoro ilisomwa kwa sauti mbele yangu kabla ya mkono wangu kuguswa. Kwenye ukumbi wa hoteli, kasoro ilikuwa inajulikana na watu wawili ama watatu mbele, na sisi wengine tulijulishwa na mvua.

Kuna rafiki yangu wa informatiki ambaye kila tukifika hapa ananitupia Steve Jobs. Ni kweli, simu ya iPhone ilionyeshwa tarehe 9 mwezi wa kwanza 2007 ikiwa haijaiva hata kidogo. Baadaye mainjinia wenyewe walisimulia kwamba simu za jukwaani zilikuwa zinakwama ovyo, ikabidi wapange vitendo kwa mfuatano fulani, akifungua hiki kabla ya kile inazimika. Duniani wanaisimulia kama ushujaa. Mimi namjibu: simu iliuzwa mwezi wa sita, kama walivyosema, na katikati hapo hakuna mama aliyeacha kununua chokaa. Kama ingeshindikana, angeaibika Jobs. Yeye mwenyewe alibeba hatari ya uongo wake mdogo, mfuko wake na jina lake. Wakati mwingine hata kompani yenyewe inaumia: Osborne ya Marekani mwaka 1983 ilianza kusifu kompyuta zake zinazokuja, wateja wakaacha kununua ile iliyokuwa dukani, na mwezi wa tisa ikafilisika. (Wengine wanasema zilikuwepo sababu nyingine pia. Sawa.) Hao wajiumize wenyewe, ni biashara yao.

Mkulima hayuko hivyo. Kwake kungoja ni uamuzi wa pesa. Ukimwambia kitu kinakuja mwezi wa pili, umeshabadilisha msimu wake: hanunui mbegu ile, anaacha kutuma udongo, anakataa ofa ya jirani. Hata usipomwomba franga moja, umeshamtoza. Njo maana avansi ya dola 10 ilinikera kidogo kuliko ile tarehe. Pesa inaweza kudaiwa. Mwezi wa tatu utaudai wapi?

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo, namwambia tangaza. Tangaza kazi yako hata ikiwa nusu, sisi wote tuko na njaa ya kuona vijana wetu wanatengeneza. Leta chombo chenyewe, na betri yake inayozimika, na useme inazimika. Acha nikichome kwenye udongo wangu, tulinganishe na labo, tuone kinakosea wapi. Tarehe usinipe kama huna. Na pesa ya mkulima usiiguse kabla yeye hajakigusa chombo.

Nasikia vijana wawili wa chama chetu wako na programu ya simu ya kutambua magonjwa ya migomba kwa picha, na wanataka kuionyesha kwenye mkutano wetu wa mwezi ujao. BXW imekata migomba mingi hapa Kivu, mtu akileta kitu cha kusaidia nitamkumbatia. Nimewaandikia kuwauliza wameipigia picha migomba mingapi ya Vulamba, na mara ngapi ilidanganyika ikaita njano ya ukame ugonjwa. Mmoja amenijibu kwamba hayo wataongeza kwenye toleo la pili. Mwingine amenyamaza siku mbili, kisha jana usiku akaniandikia: "Yaya, bado hatujaenda shambani. Unaweza kutupeleka?"

Tunapanda jumamosi, tukianzia kwa yule mama. Nimemwonya kwa simu kwamba nakuja na wavulana wawili na kitu ambacho bado hakiko sawa. Ameuliza kama safari hii kiko mu mukono. Nimesema ndiyo, mama, kiko, lakini kinakosea. Akasema tulete, na tubebe na chumvi, kwake imeisha.